Kabla Sampuli Haijafika Dar: Niliyojifunza Kigoma Kuhusu Vinasaba na Haki

Siku hizi kikao cha familia kuhusu mimba ya mwanafunzi hakiishi bila mtu kusema, "Si kuna DNA? Waende wakapimwe." Nimelisikia hilo Ujiji, nimelisikia Kasulu, nimelisikia kwenye vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika ambako gari halifiki. Likishatamkwa, watu hutulia. Wanaona neno la mwisho limesemwa, wanajikung'uta vumbi, wanaondoka. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mkoani Kigoma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima, na mara nyingi kazi yangu imeanzia pale walipoishia hao.

Sipingi vipimo hivi vya vinasaba, yaani DNA, hata kidogo. Nimeona kwa macho yangu vinasaba vikifanya jambo ambalo kikao cha wazee, kiapo wala kipigo kisingeweza kulifanya. Lakini nimeona pia kesi nzito zikifa kwa sababu watu walikaa kuisubiri maabara, na maabara ilipopokea kilichotumwa hapakuwa na kitu cha kupima. Katika kesi nilizoshughulikia sampuli zilikwenda Dar es Salaam kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, zaidi ya kilometa 1,200 kwa njia ya reli. Maabara hupima kile tu kilichofika. Kama kitafika kikiwa kizima au kimeoza, hilo huamuliwa huku kwetu, na watu ambao hawajawahi kuiona hiyo maabara: mama wa mtoto, muuguzi wa zahanati, mtendaji wa kijiji, askari wa zamu.

Bibi mmoja wa Mwandiga aliwahi kuniuliza wanamjuaje baba kwa mate. Nilifurahi kuulizwa, kwa sababu wengi huogopa kuuliza wakabaki wanaamini tu. Nilimweleza kwamba mtoto huchukua nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba. Binadamu wote tunafanana kwa sehemu kubwa mno, tofauti kati ya mtu na mtu ni kama moja katika elfu, kwa hiyo wataalamu hawasomi vyote. Wanakwenda kwenye sehemu maalumu, ishirini hivi, ambako kipande kifupi hujirudia mara kadhaa, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya watu. Katika kila sehemu mtoto ana namba mbili, moja ya mama na moja ya baba. Mama akiwa na 12 na 15, na mtoto ana 15 na 9, basi ile 9 imetoka kwa baba. Anayetuhumiwa akiwa na 11 na 14, hapo hahusiki. Sehemu moja haitoshi kumtoa, maana mara chache namba hubadilika inaporithishwa. Zikimkataa sehemu kadhaa, ametoka. Zikimkubali zote, mtaalamu anakokotoa uwezekano, na ndipo mnapoona zile asilimia 99.99 kwenye ripoti. Bibi akafikiri kidogo, akaniuliza, "Na pacha wake je?" Nikamwambia pacha wa kufanana hawatofautishwi kwa kipimo hiki cha kawaida. Swali lile nimekuja kusikia mawakili wakilizungukazunguka bila kulifikia kwa wepesi kama wake.

Kesi iliyonifundisha kuliko zote ilitoka kijiji kimoja kaskazini mwa Kibirizi, kinachofikika kwa boti tu. Binti wa kidato cha pili aligundulika ana mimba. Jioni ile ile walikusanyika nyumbani kwao baba, baba wadogo, shangazi, kaka zake, mjumbe na majirani, watu wazima watupu, binti amekaa chini katikati yao. Wakamuuliza, "Ni nani?" Akalia. Wakamuuliza tena kwa sauti kubwa zaidi. Mmoja wao akataja jina la kijana anayevua dagaa, ambaye aliwahi kuonekana akimsaidia kubeba ndoo ya maji. "Ni huyu?" Binti akaitikia kwa kichwa. Kesho yake kijana yuko mahabusu. Kilikuwa kipindi cha mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa imepumzika, walimkuta ufukweni akishona nyavu.

Msomaji aelewe uzito wa jambo hili. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Binti akiwa hajatimiza miaka 18 kuna kosa la kubaka pia, hata akisema aliridhia, na hilo nalo kwa mtu mzima haliendi chini ya miaka 30. Kijana yule alikuwa ndiyo kwanza ameanza maisha. Dhamana ilikuwepo kisheria, wadhamini hawakuwepo. Nani kijijini angejitokeza kumdhamini mtu ambaye kijiji kilishamhukumu?

Mimi niliitwa kwa ajili ya binti. Nilikaa naye peke yake, mbali na nyumba, chini ya michikichi, na kwa muda mrefu hakusema lolote kuhusu kesi. Alizungumza habari za hesabu, somo alilolipenda, na kwamba mitihani itampita. Sikumlazimisha. Katika taarifa yangu niliandika jambo moja kwa msisitizo: jina la mtuhumiwa lilitoka vinywani mwa watu wazima kabla halijatoka kwake. Nikapendekeza vipimo vifanyike mtoto akizaliwa. Sheria yetu ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 haimruhusu mtu binafsi kwenda tu maabara kujipimia. Maombi hupitia kwa mamlaka zinazotambuliwa, kama mahakama, polisi, wakili au ofisi ya ustawi wa jamii. Kwa hiyo maneno "waende wakapimwe" yanahitaji mtu wa kuyafanyia kazi, barua kwa barua.

Huku kwetu tunasubiri mtoto azaliwe, na miezi hiyo ya kusubiri ndiyo yenye hatari kubwa. Ndiyo miezi ya kumalizana nje ya mahakama. Wajumbe wa upande mmoja huja usiku na fedha, au ahadi ya mbuzi na mafuta ya mawese, na upande wa pili huwaza njaa iliyo mlangoni kuliko hukumu iliyo mbali. Binti hupandishwa treni akalelewe kwa ndugu Kaliua au Urambo. Shahidi amepotea, mtoto amepotea, sampuli haipo. Nimewahi kufuatilia binti mmoja mpaka stesheni ya Tabora nikaambiwa ameshapelekwa kwingine, na faili lake likafungwa likiwa na majina kamili ya kila mtu isipokuwa haki yake. Nikisikia mtu anasema "DNA haikimbii" moyo unaniuma. Watu wenye hiyo DNA wanakimbia, na wengine wanakimbizwa.

Safari hii mama yake binti alikataa kumalizana. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, muuza dagaa, na aliwaambia wakwe zake hivi: "Kama ni huyu kijana, afungwe. Kama si huyu, mwenye kosa ananunua dagaa wangu kila siku na ananiamkia." Sentensi ile ilinifungua macho. Yeye peke yake katika ukoo mzima alikuwa amefikiria upande wa pili wa swali.

Mtoto alizaliwa salama, na siku ya sampuli ilipofika tulikutana mjini Kigoma: binti, kichanga, kijana chini ya ulinzi, mpelelezi, mtaalamu wa afya na mimi. Kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya shavu. Mtoto alikinyonya akidhani ni titi. Kila kijiti kiliachwa kikauke, kikaingizwa kwenye bahasha yake, bahasha ikafungwa na kupigwa lakiri, ikaandikwa jina, tarehe, saa, na saini ya aliyechukua na walioshuhudia. Mtaalamu alibadilisha glavu kila alipohama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na nilimshukuru kimoyomoyo. Kijana alifungua kinywa kabla hajaambiwa. Kisha akaniuliza, "Mama, hii haiwezi kukosea?" Nilimjibu kwa kadiri ninavyojua. Ikikutoa, imekutoa. Kinachoweza kukosea ni mikono yetu.

Wajerumani walijifunza habari ya mikono kwa gharama kubwa. Kwa miaka mingi polisi wao walimsaka mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilikutwa kwenye vielelezo vya matukio kama 40 ndani ya Ujerumani, Austria na Ufaransa, kuanzia mauaji ya mwaka 1993 hadi mauaji ya askari polisi wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwizi wa magari, muuaji, mvunja nyumba, wote walionekana kuwa mtu huyo huyo mmoja. Mwaka 2009 ikabainika kwamba mhalifu huyo hakuwahi kuwepo. Vijiti vya pamba vilivyotumika kuchukulia sampuli vilikuwa vimechafuliwa kiwandani na mfanyakazi aliyehusika kuvitengeneza. Maabara ilisoma sawasawa kabisa kile ilichopewa. Ndiyo maana Mahakama ya Rufani ya Tanzania, tangu uamuzi maarufu wa Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, inadai kuona mnyororo wa kielelezo: nani alikikamata, nani alimkabidhi nani, kilihifadhiwa wapi, kwa maandishi. Watu wengine huona zile saini ni usumbufu wa kiofisi. Mimi nimeona kesi ikianguka kwa sababu ya saini moja iliyokosekana, na mtoto aliyeumizwa akatoka mahakamani akiwa ameshikwa mkono na bibi yake bila kuelewa kwa nini.

Matokeo yalirudi baada ya muda mrefu kuliko nilivyotaka. Namba za mtoto zilimkataa kijana katika sehemu nyingi. Hakuwa baba. Upande wa mashtaka ukaondoa shauri, akaachiwa.

Nilidhani hapo ndipo penye furaha. Aliporudi kijijini nafasi yake kwenye mtumbwi ilishachukuliwa, na kuna nyumba ambazo watoto wa kike waliitwa ndani akipita. Alinijia ofisini na ombi moja: karatasi. Alitaka nakala ya matokeo aitembeze nyumba kwa nyumba. Sikuweza kumpa, kwa sababu ripoti ile ina siri za binti na za mtoto mchanga, na siri hizo sheria inazilinda. Lakini nilielewa kilio chake. Nilipanda boti, nikaongea na mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, na kwenye mkutano mkuu wa kijiji tukasimama wote watatu tukasema wazi, bila kutaja habari za mtu mwingine yeyote, kwamba mahakama imemwachia kijana huyu kwa sababu si yeye. Kulikuwa na kimya, kisha mzee mmoja mwenye mtumbwi akasema mbele za watu kwamba mbalamwezi ikiisha arudi kazini kwake. Kwa maoni yangu hukumu ya kijana yule ilitolewa siku hiyo, siyo ile siku ya mahakamani.

Watu wengi hawajui kwamba teknolojia hii ilipoingia kwa mara ya kwanza katika kesi ya mauaji, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtoa mtu. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua njia ya kutambua watu kwa vinasaba mwaka 1984. Jirani na chuo hicho wasichana wawili wenye miaka 15 walikuwa wameuawa, mmoja mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986, na kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri mbele ya polisi kumuua mmojawapo. Polisi walimpelekea Jeffreys sampuli wakitarajia athibitishe kijana huyo aliwaua wote wawili. Kipimo kikaonyesha muuaji ni mmoja, na si yule kijana. Alikuwa amekiri kosa ambalo hakulifanya. Polisi wakachukua damu za wanaume karibu 5,000 wa vijiji vile bila kumpata, kwa sababu muuaji, Colin Pitchfork, alimshawishi mfanyakazi mwenzake atoe damu kwa jina lake. Alikamatwa mwaka 1987 baada ya mtu kusikia maongezi ya yule mwenzake kilabuni na kwenda kuripoti. Akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1988. Kila ninapoisimulia habari hii kwa wenzangu wa kazi nasisitiza pale kilabuni. Hata katika kesi iliyoipa DNA jina lake duniani, mlango ulifunguliwa na binadamu aliyesikia jambo akaamua kulisema.

Na binti wetu? Wapo waliotaka ashtakiwe kwa kusema uongo. Niliwapinga kwa nguvu zangu zote na nitawapinga tena. Mtoto aliyezungukwa na watu wazima kumi wanaomfokea hasemi, anaokoa ngozi yake. Niliporudi kwake, safari hii na mama yake akiwa karibu lakini hasikii, alinieleza mwenyewe bila kuulizwa jina. Alikuwa mfanyabiashara wa mawese, mtu wa heshima, rafiki wa familia, aliyekuwa akimlipia hosteli na kumnunulia madaftari. Elimu ya sekondari haina ada tangu 2016, lakini hosteli, sare na nauli ya boti bado ni mzigo kwa muuza dagaa. Alimwonya kwamba akisema, wadogo zake nao hawatasoma. Akanyamaza kwa ajili yao.

Kipimo cha yule bwana kilimkubali, asilimia 99.99. Mtaani watu wakasema kesi imekwisha. Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Wakili wake hakupoteza muda mwingi kupinga ubaba. Aliuliza kama ndugu wa damu wa mteja wake angeweza kuwa baba, na mtaalamu akajibu vizuri kwamba ndugu hushirikiana namba nyingi, lakini kukubaliana katika sehemu zote ni jambo jingine, na kama kuna ndugu anayetajwa basi naye apimwe. Hakutajwa ndugu. Wakili akahamia kwenye umri. Nani amethibitisha kwamba binti alikuwa chini ya miaka 18?

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama mama. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo, na kadi ya kliniki iliharibika maji ya ziwa yalipopanda na kuingia nyumbani kwao. Vinasaba vinaweza kukuambia nani ni baba wa mtoto. Havikuambii mama wa mtoto huyo alizaliwa mwaka gani, kama alikuwa mwanafunzi, wala kama alitishwa. Mama yule alisimama kizimbani akaeleza mwaka aliomzaa, alikomzalia, nani alimpokea, na mdogo wake alifuata baada ya muda gani. Wakili alimbana, hakuyumba. Mwalimu mkuu akaleta rejista ya kuandikishwa darasa la kwanza na rejista ya mahudhurio ya sekondari. Sheria yetu inakubali umri uthibitishwe na mzazi, na mahakama iliridhika. Ripoti ya mtaalamu ni maoni, hakimu hafungwi nayo; huyu aliipima pamoja na ushahidi wa binti mwenyewe, wa mama na wa mwalimu, akamtia hatiani. Miaka 30.

Nikiri kwamba kuna wazee ninaowaheshimu ambao hawapendi kabisa kusikia habari za vipimo. Huniambia, "Kitanda hakizai haramu." Usemi ule umelinda watoto wengi wasitupwe, na ndani ya ndoa sina ugomvi nao. Lakini binti wa shule hana kitanda hicho. Anayehitaji kulindwa hapo ni yeye.

Sasa nigeukie upande ambao hauzungumzwi: kesi isiyo na DNA. Mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka saba aliyebakwa. Alikuwa ameshamwogesha na kufua nguo zake, jambo ambalo mama yeyote angelifanya kwa uchungu na kwa kumstiri mwanawe. Mahali alikokwenda kwanza kuomba msaada aliambiwa, "Hakuna DNA, hakuna kesi." Alirudi nyumbani amekata tamaa, mpaka jirani akamsukuma aje kwetu. Nilikasirika, na bado nakasirika nikikumbuka, kwa sababu maneno yale ni uongo mtupu kisheria. Mahakama ya Rufani imesema mara kwa mara kwamba ushahidi bora wa kosa la kubaka ni wa aliyetendewa mwenyewe; kesi ya Selemani Makumba ya mwaka 2006 inatajwa mahakamani karibu kila wiki. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Hakuna sheria ya Tanzania inayotaka DNA ndipo kosa hilo lithibitike.

Yule mtoto aliahidi mahakamani kwamba atasema kweli na hatasema uongo, kama sheria inavyotaka tangu mwaka 2016. Akaeleza kwa maneno yake, akataja sehemu za mwili kwa majina aliyofundishwa nyumbani. Daktari alieleza alichokiona alipompima na kujaza PF3, ile fomu ya polisi. Mtuhumiwa alikutwa na hatia, na kwa kuwa mtoto alikuwa chini ya miaka kumi adhabu ilikuwa kifungo cha maisha. Hakukuwa na hata kijiti kimoja cha pamba katika kesi ile.

Basi pamoja na hayo yote, pale ambapo sampuli inaweza kupatikana, tuipate vizuri. Jambo hili ni dogo kwa gharama na kubwa kwa matokeo, na ndilo linalonikosesha usingizi. Mtu akitendewa ukatili, saa 72 za kwanza ni za thamani mara mbili: ndani yake dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi, na ndani yake alama za mhalifu bado zinaweza kuwepo mwilini. Asioge, asibadilishe nguo kama inawezekana, na kama amebadilisha, nguo zisifuliwe. Zikiwa na unyevu zikaushwe kivulini, pasipo jua kali, kila moja iwekwe peke yake kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki ni adui. Niliwahi kupokea gauni lililosafiri kwa boti toka mwambao wa kusini ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, likiwa bichi, katika joto letu la Kigoma. Lilipofunguliwa lilikuwa limeota ukungu. Unyevu na joto huvunjavunja vinasaba, bakteria humaliza kilichobaki. Ripoti ilirudi ikisema hakuna kilichopatikana, na aliyefunga lile fundo alikuwa mtu mwema kabisa aliyedhani anakinga kielelezo kisilowe.

Bahasha ya kaki inauzwa kila duka la vifaa vya shule. Kila zahanati ya mwambao, kuanzia Kagunga hadi Kalya, ingekuwa na bahasha hizo, glavu, kalamu, daftari la makabidhiano na muuguzi aliyeonyeshwa asubuhi moja tu jinsi ya kuvitumia, tungeokoa kesi nyingi kuliko zitakazookolewa na mashine yoyote mpya. Wenye boti wa Kibirizi nao nimeongea nao. Wao ndio wanaobeba askari, mgonjwa na kielelezo kwa pamoja, na wengi wameshakubali kuweka boksi kavu lenye mfuniko karibu na nahodha.

Binti yule wa hesabu alirudi darasani. Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye pia alikuwa mbunge wa Kasulu Mjini, alitangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurejea shule za kawaida, na mama yake alishika tangazo lile kwa mikono miwili. Mtoto analelewa na bibi yake kwenye biashara ya dagaa. Sheria ya Mtoto inampa haki ya matunzo kutoka kwa baba, hata baba huyo akiwa gerezani na mali zake ziko nje, na ripoti ile ile ya vinasaba iliyomfunga ndiyo tunayoitumia sasa kudai haki hiyo. Shauri la matunzo bado linaendelea. Tarehe ikipangwa mama hunipigia simu usiku kunikumbusha, na huniuliza kama nimebeba makaratasi yote.